Fahamu: Kuzika kihambani bila kuacha zege

Old Moshi, kama kwingine Uchagani kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wafu wengi huzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kati ya migomba na kahawa. Mahali hapana ubaya. Shida ni vinavyoandamana na mwili: jeneza la mbao ngumu lenye vanishi, formalini ya mochwari, kisha zege na vigae. Utengenezaji wa saruji duniani hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa itokanayo na binadamu. Na kihamba kinagawanywa kila kizazi. Penye zege mgomba hauoti.

Zamani, mzee wa Kichagga aliweza kuzikwa amefungwa ngozi ya ng'ombe, na masale yakaonyesha mahali pa mababu. Mmea huo ungali hai kwenye mipaka ya vihamba, na haudai fundi. Waislamu nao huzika kwa sanda tu, bila jeneza.

Wangari Maathai wa Kenya, aliyefariki Septemba 2011, hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Jeneza lake lilifumwa kwa magugumaji, mafunjo na mianzi, kisha mwili ukachomwa Kariokor, Nairobi. Kuchoma nako hula nishati, na sidhani wazee wa mlimani watakubali leo.

Jeneza la mgrivea wa shambani, lisilo na vanishi, linatosha kabisa. Lakini haya yasemwe mapema, kwenye kikao cha ukoo, atakayezikwa mwenyewe akiwapo. Msiba ukishaingia, nani atathubutu kupendekeza jeneza la bei nafuu?