Fahamu: Namna ya kupima kioo cha simu kabla ya kulipa

Dukani, muuzaji huanza kusifia kamera. Mnunuzi mjanja huanza na kioo.

Simu janja za leo, kama iPhone ya kwanza ya mwaka 2007, hutambua kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme. Ndiyo maana ncha ya ukucha huambulia patupu, na matone ya maji huivuruga simu.

Kipimo ni rahisi: mnunuzi ashike aikoni moja, aiburute polepole kona hadi kona. Ikiponyoka kila mara palepale, hapo kioo kimekufa. Aandike ujumbe kwa dole gumba, hasa herufi za pembezoni, Q na P, tena simu ikiwa kwenye chaja. Chaja mbovu hufanya kioo kijibonyeze chenyewe.

Na picha kujichora kiooni mara 120 kwa sekunde badala ya 60? Huteleza vizuri, lakini hula betri. Kwa anayeishia WhatsApp na M-Pesa, hizo mara 120 si za kuongezea pesa.