Kukisia Mechi 63 kutoka Madungu: Njia Ipi Nafuu?

Shindano la kukisia matokeo kwa urafiki halitaki fedha nyingi. Linataka katibu mvumilivu, kanuni zilizoandikwa kabla mpira haujarushwa, na watu watakaobaki na hamu mpaka fainali. Nimeyapima hapa mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vikuu vya Marekani, yale ya NCAA yanayoanza kila Machi na kumalizika mwanzoni mwa Aprili. Wapenzi wa kikapu wa hapa Madungu, Chake Chake, Pemba, wanaoyafuata kwenye simu huishia kubishana barazani, na ubishi usioandikwa hauna mshindi.

Mtu ana haki ya kuuliza kwa nini twende mbali ilhali uwanja wa Gombani uko hapa hapa. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi la kandanda lilichezwa Gombani kwa timu za taifa, na Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Kwa kushangilia, sijui utapata wapi zaidi ya hapo. Kwa kukisia, lilikuwa fupi mno: timu nne tu, na katika baraza la Wapemba karatasi zote zingeandikwa jina moja la bingwa. Mashindano ya vyuo huingiza timu 68. Nane kati ya hizo huchujana kwanza, zinabaki 64, zikiwa katika kanda nne na kila kanda ikiwa na timu za nambari 1 hadi 16 kwa ubora, na kuanzia hapo ni mechi 63 za mtoano. Ukifungwa mara moja umeaga. Vyuo kama Purdue na Gonzaga hatuna udugu navyo, kwa hiyo kila mtu hukisia kwa anachokijua na si kwa anayempenda.

Udugu tunao na chuo kimoja. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alikuwa nguzo ya ulinzi ya Connecticut. Waliingia wakiwa nambari 1 wa kanda yao, wakaifunga Chattanooga 103-47 katika mechi ya kwanza, wakafika nusu fainali kule Detroit na kutolewa na Michigan State 82-73. Miezi michache baadaye Memphis Grizzlies walimchagua akiwa wa pili katika uteuzi wa NBA. Aliyemkisia Thabeet kuwa bingwa mwaka ule alikosea, lakini alibaki na la kusema mpaka Aprili, na hiyo ndiyo faida unayoitafuta.

Sasa gharama. Njia ya kwanza ni karatasi: mchoro wa mtoano hukaa kwenye ukurasa mmoja wa A4. Mkiwa watu 16 na steshenari ikitoza shilingi 100 kwa kopi, ni shilingi 1,600, bei ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba bila kumdai mwenzake. Gharama iliyojificha iko kwa katibu. Mechi 63 mara watu 16 ni majibu 1,008 ya kukagua, na akikosea matatu tu, urafiki unatikisika. Njia ya pili ni kutumia tovuti au programu ya simu. Ile ya ESPN, kwa mfano, haina kiingilio na inajumlisha pointi yenyewe. Lakini kila mshiriki lazima afungue akaunti, awe na barua pepe anayokumbuka nywila yake, na asome Kiingereza. Kwa vijana wa chuo hilo ni jambo dogo. Kwa baraza lenye mzee wa miaka 60 anayejua kikapu tangu ujana wake, umeshamfungia mlango.

Njia ya tatu watu huidharau, na mimi naipenda kuliko zote kwa mwaka wa kwanza: kura ya timu. Andika majina 64 kwenye vikaratasi, yagawe katika vikapu vinne kwa ubora, timu za nambari 1 hadi 4 katika kikapu kimoja, 5 hadi 8 katika cha pili, na kadhalika. Kila mtu kati ya wale 16 huokota moja kutoka kila kikapu. Hakuna anayehitaji kujua Houston iko jimbo gani. Katibu hukata jina la aliyefungwa, mara 63, basi. Hasara yake ni kwamba bahati inapewa nafasi kubwa, na mjuzi wa kweli hapati pa kuonyesha ujuzi wake. Mwaka wa pili, watu wakishaonja, hamieni kwenye karatasi.

Ukichagua karatasi, angalia sana hesabu ya pointi, maana hapo ndipo mashindano mengi hufa mapema. Utaratibu uliozoeleka ni kuongeza maradufu kila raundi: 1, 2, 4, 8, 16, na 32 kwa bingwa. Jumla ni 192, na mechi ya fainali peke yake ina sehemu moja ya sita ya pointi zote. Bingwa wako akitolewa wiki ya kwanza, huna sababu ya kuendelea kufuatilia. Ukitumia 1, 2, 3, 4, 5, 6, jumla inakuwa 120 na fainali inabeba sehemu moja ya ishirini tu; aliyekisia vizuri mechi za mwanzo anabaki hai. Kwa kikundi cha marafiki nachagua huu wa pili bila kusita, tena naongeza pointi moja kwa kila aliyethubutu kukisia mnyonge na akapatia. Wanyonge hushinda kweli. Mwaka 2018 UMBC, timu ya nambari 16, iliichapa Virginia ya nambari 1 kwa 74-54, na 2023 Fairleigh Dickinson wakaitoa Purdue 63-58. Lakini mwaka 2025 timu zote nne za nambari 1 zilifika nusu fainali, kwa hiyo anayejaza wanyonge karatasi nzima pia atalia.

Zawadi ndiyo inayotaka uangalifu kuliko vyote. Watu 16 wakitoa shilingi 5,000 kila mmoja, zinapatikana 80,000, na kishawishi cha kumpa mshindi zote ni kikubwa. Hapo mmeshaingia kwenye kamari: wote wametoa, mmoja anaondoka nazo, waliobaki wamekula hasara. Jina la urafiki halibadilishi kitu, na Madungu hakuna atakayekuelewa. Kuna njia mbili ninazoona zinafaa. Moja ni kutokuwa na zawadi yoyote ila jina la mshindi kuandikwa kwenye ubao wa maskani mpaka mwaka unaofuata. Ya pili ni kuchangia chakula kitakacholiwa na wote sawasawa, aliyeshinda na aliyeshika mkia, mchango ukiwa wa chakula na si wa kushindania. Mwenye duka akijitolea fulana au mpira bila yeye kushiriki, ni jambo jema, lakini muulizeni kwanza sheikh wa msikiti wenu, na muulize kabla ya kutangaza. Wanafunzi wa skuli wakiingia, wasitoe hata senti.

Kuhusu kutazama, usikubali shindano likuvute kwenye matumizi usiyoyapanga. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida hula baina ya nusu GB na GB nzima, na mechi ya dakika 40 za uwanjani huchukua kama saa mbili za ukutani. Usiku mmoja wa raundi ya kwanza unaweza kumaliza bando la wiki. Matokeo ya maandishi hayagharimu karibu chochote. Mtu mmoja ayatume asubuhi kwenye kundi la WhatsApp, yatosha. Mechi za mchana wa kule huanza kwetu kiasi cha saa moja na robo usiku, hizo mnaweza kuzitazama pamoja kwa mwenye king'amuzi. Za mwisho huanza alfajiri. Mwaka 2025 raundi ya kwanza iliangukia ndani ya Ramadhani na waliokesha walikuwa na daku; lakini Ramadhani huzidi kutangulia kila mwaka, na ikishamalizika kabla ya mashindano, kukesha kunakuwa kukesha tu.

Karatasi zote zikusanywe kabla ya magharibi ya Alhamisi ya raundi ya kwanza, kila moja ipigwe picha na kutumwa kwenye kundi, ili asiwepo wa kusema jina lake limebadilishwa. Chini ya ukurasa kila mtu aandike jumla ya pointi anazodhani zitafungwa kwenye fainali. Ya 2025, Florida 65 na Houston 63, ilitoa 128. Wawili wakilingana, aliye karibu zaidi na jumla hiyo ndiye wa kwanza. Wakilingana tena, majina yao yote mawili yaandikwe ubaoni.