BUNDUKI IKINUNULIWA, FEDHA ZAENDA WAPI?

Ndugu mkulima, ukipeleka kahawa kiwandani wapewa risiti yenye kilo zako. Katika mkutano wa mwaka wa chama cha ushirika wasimama na kuuliza, "Fedha zetu zimekwenda wapi?" Hiyo ni desturi njema. Yafaa uitumie pia katika shauri la kukusanya bunduki zisizo na leseni.

Pengine wewe wa Kenol utasema shauri hili ni la watu wa mbali. Sivyo. Wazee wanakumbuka Desemba 1963, wapiganaji wa Mau Mau walipotoka msituni kuitikia msamaha wa Serikali, wakaweka silaha katika uwanja wa Ruringu, Nyeri. Wengi walitumaini kupata shamba. Wengine hawakuridhika, wakarudi msituni. Basi jua kwamba mtu atoaye bunduki hutazama kesho atakula nini na nani atamlinda.

KARAMOJA

Desemba 2001 Serikali ya Uganda iliwaita watu wa Karamoja watoe bunduki kwa hiari. Aliyetoa aliahidiwa plau ya ng'ombe na vifaa vingine. Bunduki karibu 10,000 zilitolewa. Lakini mwaka 2002 askari wengi waliondolewa kwenda kupigana na waasi wa Kony. Waliotoa silaha wakavamiwa na majirani ambao hawakutoa, wakanyang'anywa ng'ombe. Mkulima, plau bila ng'ombe ni chuma tu! Wengi walitafuta bunduki tena, na fedha za plau zikapotea bure.

LIBERIA

Huko Afrika Magharibi, baada ya vita vya Liberia, kila mpiganaji aliyeandikishwa alilipwa dola 300. Kazi hiyo ilianza Desemba 2003. Walioandikishwa walipita 100,000, lakini bunduki zilizopatikana zilikuwa karibu 28,000 tu. Huhitaji kuwa karani kuona hesabu hiyo ina kasoro. Mtu aliweza kuleta risasi tu akaandikishwa, na penye fedha taslimu hata asiyepigana hujiita mpiganaji.

MASWALI MATATU

Ukiitwa barazani kuambiwa habari za mpango wa namna hii, uliza kwa adabu:

1. Bunduki ngapi zimeingia, na nani amezihesabu mbele ya watu? Hesabu ya bunduki na hesabu ya malipo lazima zilingane.

2. Bunduki hizo ziko wapi sasa? Bunduki iliyowekwa ghalani yaweza kuibwa na kununuliwa mara ya pili. Hapa Kenya, Juni 2021, bunduki 5,144 zilichomwa moto hadharani huko Ngong. Hiyo ndiyo njia ya kufunga hesabu.

3. Fedha kiasi gani zimewekwa kwa ulinzi baada ya kukusanya? Kama zote zimekwisha kwa malipo, mikutano na petroli ya magari, kumbuka Karamoja.

Kuuliza si kupinga Serikali. Fedha hizo ni za kodi yako, au ni za msaada uliotolewa kwa jina lako.

Nawe una wajibu wako. Ukiona bunduki imefichwa shambani, usiiguse, wala usimwache mtoto aikaribie. Mwarifu chifu au polisi upesi. Usingoje kutangaziwa bei. Ng'ombe wako na watoto wako wakilala salama, hayo ndiyo malipo makubwa.