Vumbi, Paka na Kifua cha Mtoto: Tununue Aspiratere?



Hivi karibuni zamu ya likelemba ilimfikia mwenzetu mmoja wa komini ya Mangobo. Tulidhani atanunua mabati, au atalipa masomo ya watoto. Kumbe alikwenda moja kwa moja sokoni, kule kwenye vitu vya okazio vinavyotoka Ulaya, akarudi na mashini ya kunyonya vumbi, ile tunayoiita aspiratere. Sababu yake tuliielewa sote. Binti yake wa miaka saba ana pumu. Usiku kifua kinalia kama filimbi, na mama anakaa naye kitandani mpaka alfajiri. Na nyumba ile ina paka wa kukamata panya, tena bata wa uani hawaoni haya kuingia mpaka chumba cha wageni.

Jumapili aliiwasha. Zulia liling'aa, watoto wakapiga makofi. Haikupita nusu saa, binti akaanza kukohoa. Jioni ile walikuwa kituo cha afya. Alipata dawa, akatulia, tunamshukuru Mungu. Siku iliyofuata tulikwenda kumpa pole, tukaifungua mashini pamoja. Mfuko wa ndani ulikuwa umepasuka, na pale panapokaa filta palikuwa patupu. Vumbi lililoingia kwa mbele lilitokea kwa nyuma, limekuwa laini zaidi, na mtoto akalivuta.

Pesa ya likelemba ni jasho la wengi. Kwa hiyo tumeona tuandike tuliyojifunza, ili mwingine asilipe kwa kifua cha mtoto wake.

Kinachomchokoza mtoto

Wengi wetu tunasema: "Ni manyoya ya paka." Si manyoya yenyewe. Mzio, au alerji kama tunavyozoea kusema, unaletwa na protini iliyo kwenye mate ya paka na mafuta ya ngozi yake. Paka anajilamba, mate yanakauka, magamba madogo ya ngozi yanadondoka na kuelea hewani. Yanashika kwenye mapazia, viti, nguo, hata kwenye ukuta. Ndiyo maana mama anaweza kumpa jirani paka wake leo, na mtoto akaendelea kukohoa kwa miezi. Paka ameondoka, lakini alichokiacha bado kimo kwenye godoro.

Mchokozi wa pili hatumwoni kabisa. Ni utitiri wa vumbi, mdudu asiyefika nusu milimita. Haumi mtu. Anakula magamba ya ngozi yetu yanayodondoka tukilala, na kinachowasha kifua ni kinyesi chake. Anapenda magodoro, mito na mazulia, na anapenda unyevu kuliko kitu chochote. Sisi wa Kisangani, karibu na ikweta, tuna mvua karibu kila mwezi wa mwaka. Kwake huu ni mji mzuri sana.

Kisha wapo mende, kuna ukungu mweusi wa kuta zenye maji, na kuna moshi wa makala na wa dawa ya mbu ya kuwasha. Aspiratere haiondoi moshi wala haikaushi ukuta. Tuanze kwa kujua hilo, tusiitegemee kwa kazi isiyo yake.

Mashini iliyozaliwa na kikohozi

Jambo moja lilitushangaza. Aspiratere ndogo ya kubeba kwa mkono ilibuniwa na mgonjwa wa pumu. James Murray Spangler alikuwa msafishaji wa duka kubwa katika jimbo la Ohio, Marekani. Kila alipofagia mazulia, vumbi lilimkaba. Mwaka 1907 alichukua mota ya feni, mpini wa fagio na foronya ya mto, akaunda mashini inayonyonya vumbi na kulifungia ndani ya foronya. Mwaka 1908 alipata hati ya ubunifu wake. Mama mmoja aliyemfahamu, Susan Hoover, aliijaribu nyumbani kwake, ikampendeza, naye akamweleza mumewe. Mumewe aliinunua haki ile, na jina Hoover likaenea duniani.

Tazameni vizuri: tangu siku ya kwanza, shabaha haikuwa kuvuta vumbi tu. Shabaha ilikuwa kulifungia. Mashini inayovuta bila kufungia ni fagio lenye umeme, tena baya kuliko fagio.

Mambo ya kuangalia kabla ya kutoa pesa

Filta kwanza. Tafuta neno HEPA kwenye filta yenyewe, maana maandishi ya kwenye boksi hayatoshi. Ile yenye alama H13, kati ya chembe 10,000 za vumbi laini kabisa, haiachi kupita zaidi ya 5. Lakini filta nzuri ndani ya mashini iliyopasuka haisaidii, kwani hewa itapita kwenye ufa. Pitisha kidole kwenye raba za kuzunguka kifuniko. Zikiwa zimekauka au zimekatika, iache.

Ijaribu pale pale. Mwambie muuzaji aiwashe. Nenda na kitambaa cheusi na unga kidogo wa muhogo, kiasi cha kubana kwa vidole. Mwaga unga chini, uunyonye, huku mwenzako ameshika kitambaa mahali hewa inapotokea. Kitambaa kikipata weupe, vumbi la nyumba yako litapita vile vile. Muuzaji akikataa jaribio, amekwisha kukujibu.

Mfuko au ndoo? Mashini ya mfuko ni bora kwa mwenye pumu, kwa sababu unatupa mfuko pamoja na vumbi lake. Lakini uliza kwanza: mifuko ya aina hii inapatikana hapa mjini? Mfuko wa kutumia mara moja ukiukung'uta na kuurudisha, unapasuka, kama wa mwenzetu. Kama mifuko haipatikani, chukua ile ya ndoo ya plastiki yenye filta ya kuosha. Ndoo hiyo imwagwe nje, mbali na dirisha, na mtu asiye na pumu, amefunga kitambaa puani. Filta ikioshwa, ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Kwa unyevu wetu huu, siku moja huenda isitoshe. Filta mbichi inaota ukungu, na ukungu nao unaingia kifuani.

Usidanganywe na wati. "Mama, hii ina nguvu, wati 2,000!" Wati zinaonyesha umeme unaoliwa, hazionyeshi vumbi linalonyonywa. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 mwaka 2014, kisha wati 900 mwaka 2017, na nyumba za huko zinasafishwa kama kawaida. Kwa hiyo ya wati 2,000 sokoni ni ya zamani. Na sisi tunaopangia kazi zetu saa za umeme tuhesabu: kijenereta cha wati 800 hakitaiendesha, wala paneli ya jua ya kuwashia taa na kuchaji simu.

Soma volti. Umeme wetu ni volti 220. Mashini iliyotoka Marekani mara nyingi imeandikwa 120. Ukiichomeka hivyo hivyo, itaungua.

Tazama kichwa chake. Kwa manyoya ya paka na mbwa unahitaji brashi inayozunguka, na kwa godoro unahitaji mdomo mdogo mwembamba. Bila mdomo huo hutafika kwenye mishono ya godoro, na ndiko utitiri unakokaa.

Na kama nyumba yako ni ya sementi tupu?

Hapa tuwe wakweli. Kama sakafu ni sementi au vigae, bila zulia na bila viti vya sponji, huhitaji aspiratere. Kitambaa chenye maji kinashika vumbi na hakilirushi hewani. Kinashinda mashini mbovu, na bei yake ni sabuni tu. Fagio kavu ndilo adui. Mama zetu walitufundisha kunyunyiza maji uani kabla ya kufagia. Ndani ya nyumba wengi wetu tumesahau.

Pesa ile ile inaweza kufanya kazi kubwa zaidi kitandani. Mshonee mtoto foronya la godoro la kitambaa kizito, kilichofumwa kwa karibu sana, lenye zipu, lifunike godoro pande zote, na mto vile vile. Shuka zake zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto sana, nyuzi 60 au zaidi, kwani maji ya baridi yanaondoa uchafu lakini utitiri unabaki hai. Jua likitoka, toa godoro nje. Likung'utwe huko huko, mtoto akiwa mbali.

Jambo jingine linalotugusa sisi wazazi: katika nyumba nyingi kazi ya kufagia anapewa binti. Kama ndiye mwenye pumu, mbadilishie kazi. Na yeyote anayefanya usafi, kwa fagio au kwa mashini, afungue madirisha, amtoe mgonjwa chumbani, na mgonjwa asirudi kabla ya nusu saa. Hata aspiratere nzuri inaamsha vumbi inapopita.

Wanyama nao

Hatusemi mfukuze paka. Panya wa Kisangani tunawajua. Lakini paka asiingie chumba anacholala mtoto, si mchana wala usiku. Mlango ufungwe. Bata, kuku na mbuzi walale nje, hata kama tunaogopa wezi. Banda lenye kufuli ni bora kuliko kuku chini ya kitanda. Kasuku wa kijivu anatoa unga mweupe kutoka manyoya yake, na unga huo unaelea nyumba nzima. Tena huyu, biashara yake ya kimataifa imekatazwa tangu uamuzi wa nchi nyingi mwaka 2016. Mahali pake ni msituni.

Usafi hauchukui nafasi ya dawa

Mama mwenye mtoto wa pumu asidhani kwamba sakafu safi inatosha. Pompa ya salbutamol inafungua njia za hewa haraka, lakini haitibu uvimbe ulio ndani. Kama mtoto anaihitaji mara kwa mara, mwulize daktari kuhusu dawa ya kuvuta kila siku ya kuzuia. Na mkimwona mtoto anashindwa kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani akipumua, au midomo inabadilika rangi, msisubiri asubuhi. Chukueni pikipiki, mwende hospitali usiku huo huo.

Mwenzetu wa Mangobo alifanya nini?

Hakuitupa mashini. Inamngoja fundi, akipata filta inayoiingia na mfuko mzima. Kwa sasa imefungwa kwenye plastiki juu ya kabati. Zulia ameliuza. Kwa pesa ya zulia alishona foronya la godoro, na bata wamejengewa banda. Paka bado yupo, lakini mlango wa chumba cha binti umefungwa. Juzi tulimwuliza habari za usiku. Alicheka, akasema: "Nimelala mpaka jogoo alipowika. Nilisahau usingizi una utamu."

Nasi katika kikundi tumeulizana swali moja, tunawaachia nanyi. Aspiratere nzuri ni ghali kwa mama mmoja, na inatumika mara moja au mbili kwa wiki. Je, mama watano wa mtaa mmoja hawawezi kuinunua pamoja, kama tunavyochangia sufuria kubwa za sherehe? Mmoja aitunze, wote wachangie filta na mifuko, na kila nyumba iwe na siku yake. Lakini kabla ya kununua, nendeni watano, mkiwa na kitambaa cheusi na unga wa muhogo. Muuzaji anaweza kumzungusha mama mmoja kwa maneno. Watano hawezi.