Teknolojia: Watu wawili, kompyuta moja

Mwezi wa tatu mwaka wa 2000, kampuni changa ya Google, huko California, ilikuwa matatani. Orodha ya kurasa za intaneti ambamo inatafutia majibu ilikuwa haikamiliki tena, na watu walikuwa wanaletewa habari za zamani.

Wahandisi Jeff Dean na Sanjay Ghemawat waliketi mbele ya kompyuta moja, wakachungua data hadi kwenye sifuri na moja. Wakagundua kwamba kosa halikuwa katika programu peke yake: memori za mashine za bei nafuu zilikuwa zinageuza tarakimu. Wakatengeneza programu inayoweza kuvumilia hitilafu hizo.

Namna hii ya kuandika programu wawili wawili ilienezwa sana na Mmarekani Kent Beck, katika kitabu chake cha mwaka wa 1999. Mmoja anashika kibodi, mwingine anafuata kila mstari na kufikiri mbele. Kisha wanabadilishana.

Lakini kukaa pamoja hakutoshi. Anayeandika anapaswa kusema anachokusudia. Anayetazama asimnyang'anye kibodi kwa kosa dogo, wala asinyamaze anapoona kosa kubwa. Akinyamaza kwa kuogopa mwenzake, ni sawa na kuwa mtu mmoja.

Dean na Ghemawat waliendelea hivyo: mwaka wa 2004 walitoa MapReduce, njia ya kugawia maelfu ya mashine kazi moja. Wanafunzi wanaogawana kompyuta moja kwa kukosa ya pili wanaweza kuanza vivyo hivyo.