Laptopu inapokata pumzi dakika ya 78

DAKIKA ya 78, matokeo 2-2. Winga ameshampita beki wa kulia, kilichobaki ni kumwaga krosi. Ghafla picha inaganda, inaruka, inaganda tena. Krosi inapigwa kwa kuchelewa, kipa anadaka, timu pinzani inatoka kwa kasi na mpira unaishia nyavuni. Aliyefungwa anatupa padi pembeni na kulaani intaneti.

Tatizo ni kwamba intaneti haikuhusika hata kidogo. Mechi yenyewe ya eFootball ilikuwa ya watu wawili waliokaa meza moja, wakitumia laptopu moja. Picha iliwagandia wote, ila balaa lilimkuta aliyekuwa na mpira.

Aliyechoka hapo ni kadi ya grafiki, kile kifaa ndani ya laptopu kinachochora uwanja, wachezaji na kila pasi inayopigwa. Imepanda joto kupita kiasi, na ili isiungue imejipunguzia kasi yenyewe.

Kwa vijana wa Dar es Salaam wanaocheza gemu za soka kwenye laptopu, hasa miezi ya Desemba hadi Machi ambapo jiji linachemka, hali hiyo wanaijua vizuri. Kipindi cha kwanza mzuka, kipindi cha pili mashine inanguruma kama bodaboda inayopanda mlima na mchezo unakuwa mzito.

JOTO LA CHUMBA NALO LIMO
Hakuna feni inayoweza kushusha joto la kadi chini ya joto la chumba. Feni kazi yake ni kuondoa hewa ya moto na kuvuta hewa iliyopo. Chumba kikiwa na nyuzi 32 badala ya 25, kwa mchezo uleule na feni ileile, kadi nayo hupanda karibu nyuzi saba hizohizo.

Kadi nyingi za Nvidia za laptopu za miaka ya karibuni zina ukomo unaokaribia nyuzi 87. Zikifika hapo zinapunguza mwendo. Kadi ambayo kwenye chumba cha baridi ingetulia kwenye nyuzi 80, Tandika mchana wa Januari inajikuta ukutani.

Kibaya zaidi, ndani ya laptopu nyingi kadi ya grafiki na prosesa hutumia mabomba yaleyale ya kuondoa joto. Mmoja akichemka, anamchemsha mwenzake.

SOMO LA FORTALEZA
Kwenye soka lenyewe, suala la joto lina historia. Juni 29, 2014, Uholanzi ilikutana na Mexico mjini Fortaleza, Brazil, hatua ya 16 bora ya Kombe la Dunia. Mechi ilianza saa saba mchana, jua la utosi, na mwamuzi akaisimamisha ili wachezaji wanywe maji na kupoa.

Mexico iliongoza kwa bao la Giovani dos Santos. Kocha Louis van Gaal akatumia mapumziko ya kipindi cha pili kubadili mfumo. Wesley Sneijder akasawazisha dakika ya 88, kisha Klaas-Jan Huntelaar, aliyetokea benchi, akafunga penalti dakika za nyongeza. Ikaisha 2-1.

Mapumziko yale yalikuja wachezaji wakiwa bado wana miguu ya kukimbia. Laptopu nyingi hufanya kinyume. Zimepangwa zikae kimya, hivyo feni inachelewa kuamka, na inapoanza kukimbia kwa nguvu joto limeshajaa kila kona.

FENI IAMKE MAPEMA
Ndiyo maana hatua muhimu ni kuitawala feni kabla ya filimbi ya kwanza. Laptopu za gemu huja na programu ya kampuni husika: Asus wana Armoury Crate, Lenovo wana Vantage, Acer wana NitroSense na HP wana Omen Gaming Hub. Humo mchezaji anaweza kuchagua mwendo mkali wa feni, na kwenye baadhi ya mashine kupanga mwenyewe feni ikimbie kiasi gani kwa joto gani.

Mpango wa kueleweka ni feni kufika nusu ya nguvu joto likigusa nyuzi 60, robo tatu kwenye nyuzi 70, na nguvu zote kabla ya nyuzi 80. Kelele zitakuwepo, ila kuna hedifoni.

Wengi hukimbilia MSI Afterburner. Ni nzuri kwa kuonyesha joto na kasi ya kadi mchezo ukiendelea, lakini kwenye laptopu nyingi sehemu ya feni imefungwa, kwa sababu feni za laptopu huongozwa na chipu nyingine iliyo kwenye ubao wa mashine. Aliyekuta imegoma asidhani amekosea kuifunga.

Dawa nyingine haina gharama: kuweka ukomo wa fremu 60 kwa sekunde. Kama skrini ni ya 60, fremu 100 ni kukimbia bila mpira. Kadi inatoka jasho kwa kazi ambayo macho hayaioni.

STENDI SI MUUJIZA
Halafu kuna stendi zenye feni, zile zinazowekwa chini ya laptopu na kuchomekwa USB, nyingine zikiwaka taa za rangi. Zinasaidia, ila si kila mashine.

USB 3 ya kawaida hutoa chini ya wati tano. Kadi kama GTX 1650 ya laptopu peke yake hutumia hadi wati 50. Feni hizo ndogo haziwezi kupambana na joto hilo zenyewe. Kazi yao ni kuzilisha hewa feni za ndani.

Kwa hiyo kabla ya kununua, igeuzwe laptopu na kuangaliwa matundu yake yako wapi. Feni za stendi zikikaa chini ya matundu, joto hushuka nyuzi kadhaa. Zikipuliza plastiki iliyoziba, mnunuzi amenunua taa.

Nyuzi kadhaa nyingine hupatikana bure kwa kuinua tu nyuma ya laptopu kwa vizibo vya chupa ili hewa ipite. Na anayechezea kitandani, mashine ikiwa juu ya godoro, ameziba pua za mchezaji wake halafu anamtaka akimbie dakika 90.

Vumbi nalo ni adui. Laptopu iliyotumika miaka miwili mitatu bila kufunguliwa mara nyingi ina zulia la vumbi kwenye njia ya hewa. Fundi akipuliza, feni ishikwe isizunguke ovyo, na ile krimu ya kupitisha joto juu ya kadi ikiwa imekauka ibadilishwe.

Kujua kipi kimefanya kazi ni rahisi. Ichezwe mechi moja nzima kabla na moja baada, chumba kilekile, saa ileile, na joto la juu liandikwe. Namba hazina ushabiki.

KADI HAINA SUB
Feni ikifa, fundi anaitoa na kuweka nyingine. Kadi ya grafiki kwenye karibu laptopu zote imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao. Ikiungua, mazungumzo na fundi yanakuwa ya ubao mzima, na mara nyingi bei yake inamfanya mwenye mashine akae chini.

Kwa kijana aliyedunduliza kuinunua, laptopu hiyo si ya gemu tu. Ndiyo ya kuandikia ripoti ya chuo, ndiyo ya kutengenezea mabango ya wateja wake. Bao la dakika ya 78 linauma, lakini kesho kuna mechi nyingine. Mashine ikizimika jumla, Jumatatu asubuhi hakuna marudiano.