Shule za Montessori za Mkataba: Alama za Mtihani na Nani Anayepata Nafasi

Nchini Marekani, shule ya mkataba ni shule ya umma isiyo chini ya uendeshaji wa kila siku wa mamlaka ya elimu ya eneo lake. Serikali huilipia kila mwanafunzi, wazazi hawatozwi karo, na bodi inayoiendesha huamua yenyewe namna ya kufundisha, mradi itimize malengo iliyoyatia saini. Jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya kwanza ya shule hizo mwaka 1991. Uhuru huo uliwavutia walimu wa mbinu ya Montessori, ambao kwa miaka mingi kazi yao ilikuwa zaidi katika shule binafsi zenye ada kubwa.

Ada hizo zilikuwa zimeipeleka mbinu hii mbali na ilikozaliwa. Daktari Maria Montessori alifungua darasa lake la kwanza Januari 1907 huko San Lorenzo, mtaa wa mafukara mjini Roma, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Hadi leo watoto wa miaka 3 hadi 6 hukaa chumba kimoja, na wa miaka 6 hadi 9 chumba kingine. Kila mmoja huchagua kazi yake kati ya zile alizokwisha kuonyeshwa na mwalimu. Hupapasa kwa kidole herufi za karatasi ya msasa kabla ya kushika kalamu, hujifunza makumi na mamia kwa shanga, na wakubwa huwaelekeza wadogo. Hakuna anayepewa alama wala kushindanishwa na mwenzake.

Shule ya mkataba, hata hivyo, haikwepi mtihani. Sheria ya taifa inataka wanafunzi wote wa shule za umma, kuanzia darasa la tatu hadi la nane, wapimwe kila mwaka kusoma na hisabati, na matokeo yatangazwe kwa makundi: asili ya wanafunzi, kipato cha familia, ulemavu, na wale ambao bado wanajifunza Kiingereza. Kipato kwa kawaida hukadiriwa kwa chakula cha mchana shuleni. Mtoto ambaye kipato cha familia yake hakizidi asilimia 130 ya kiwango rasmi cha umaskini hula bure, na hadi asilimia 185 hulipa bei nafuu. Kipimo hicho kina kasoro, kwani baadhi ya shule ndogo za mkataba hazimo katika mpango wa chakula, na watoto wao maskini huonekana wachache kuliko walivyo.

Kosa la kawaida la wasomaji wa takwimu hizi ni kuchukua wastani wa shule na kuusifia au kuulaumu ufundishaji. Kotekote Marekani wastani wa alama hupanda pamoja na kipato cha familia, kwa hiyo swali la kwanza ni nani aliyepata nafasi. Mtafiti Mira Debs alichunguza shule 300 za umma zilizofuata Montessori kikamilifu mwaka wa masomo 2012–2013. Kwa ujumla aliona mchanganyiko mzuri wa asili na vipato, lakini pia upungufu, hasa katika zile za mkataba.

Chanzo kimoja ni umri wa kuanza. Mzunguko wa kwanza wa Montessori huanza mtoto akiwa na miaka 3, ilhali majimbo mengi huanza kulipia elimu ya kila mtoto anapofika miaka 5. Shule nyingi hufidia pengo hilo kwa kutoza ada miaka ya mwanzo, na mtoto aliyelipiwa mara nyingi huendelea na nafasi yake elimu inapokuwa bure. Hapo ndipo shule ya umma inapochuja watoto kwa fedha bila kukusudia, na ni jambo zito. Usafiri nao huchangia. Pasipo basi la shule, mzazi asiye na gari, au anayeingia kazini alfajiri, hawezi kumpeleka mtoto upande wa pili wa mji.

Kuhusu ufundishaji wenyewe, ushahidi bora hutoka kwenye kura. Waombaji wanapozidi nafasi, shule huchezesha kura, na watafiti huweza kuwalinganisha waliopata na waliokosa, ambao wazazi wao wote walitaka shule ileile. Angeline Lillard na Nicole Else-Quest walifanya hivyo Milwaukee na kuchapisha matokeo mwaka 2006. Watoto wa Montessori wenye miaka 5 walikuwa mbele katika kusoma, hisabati na kuelewana na wenzao. Wenye miaka 12 waliandika insha zenye ubunifu zaidi, ingawa katika masomo mengine tofauti ilikuwa ndogo. Utafiti wa Hartford, jimboni Connecticut, uliotolewa mwaka 2017, ulifuata watoto 141 kwa miaka mitatu katika shule za umma zisizo za mkataba. Walianza sawa, kisha wa Montessori wakatangulia, na pengo kati ya watoto wa familia maskini na zenye uwezo likapungua. Mwaka 2025 ukafuata utafiti wa shule 24 za umma na watoto 588. Walipomaliza chekechea, waliopata nafasi waliwazidi wenzao katika kusoma, kumbukumbu na kujidhibiti, na gharama ya kuwasomesha ilikuwa ndogo zaidi.

Matokeo ya shule mojamoja yanahitaji tahadhari zaidi. Darasa la tatu likiwa na watoto 20, mtoto mmoja tu huhamisha asilimia ya waliofaulu kwa pointi 5, na matokeo ya kundi la watu wachache mno hufichwa ili mtoto asitambulike. Anayehamia akiwa darasa la nne huhesabiwa kama wengine, ingawa hakupitia miaka ya mwanzo. Ndiyo maana kiwango ambacho mwanafunzi amepanda tangu mwaka uliopita hueleza kazi ya mwalimu vizuri zaidi kuliko asilimia ya waliofaulu.

Tukirudi kwa wanaopata nafasi, jiji la Washington, D.C. limeshughulikia suala la kuingia shuleni kwa njia mbili. Hulipia elimu ya awali tangu miaka 3, na katika miaka ya karibuni limeruhusu shule za mkataba kuwapa kipaumbele kwenye kura watoto wasio na makazi, wanaolelewa na familia za malezi kwa amri ya serikali, au ambao familia zao hupokea msaada wa chakula.